Pete Zilizolala Ubavu

Mtaa wa Wafinyanzi, Na. 9,
Gniew, Poland.
4 Mei 2019.

Mpendwa mdogo wangu Ludomir,

Niwie radhi kwa kimya changu cha miaka miwili. Sikuwa mgonjwa, wala kazi haikunizidi. Barua hii nimekuwa nikiiandika kichwani kila asubuhi na kuifuta kila jioni. Natumaini u mzima, na kwamba bega lako halikusumbui sana sasa baridi ya huko Australia inapoanza. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti.

Mcheri wa mama umechanua. Maua yake yanaingia dirishani na kutua juu ya meza ya kushonea, na huku mto Wisła unapita polepole hata mtu hawezi kusema kama unakwenda au umesimama. Siku kama hizi mimi hushona kidogo na kutazama nje sana.

Binti yako Jagna huja kila Ijumaa kwa basi kutoka Gdańsk. Anasoma vizuri chuoni huko na anakula vizuri zaidi. Supu yangu ya nafaka ya rai anaisifu, kisha anasema, "Baba hupika hii hii, ila yake ina chumvi ya bahari nzima."

Mwezi uliopita aliniomba koti lako, lile la kitani lililojazwa pamba, ulilolivaa chini ya deraya, lenye vipande vya wavu wa pete za chuma kwapani. Kikundi chetu kimemkubali kupigana kiangazi hiki katika maonyesho ya vita vya kale, chini ya ngome. Nikalitoa sandukuni, lilimokaa tangu siku uliyoanguka. Kipande cha kwapa la kulia hakikuwapo, sababu unaijua. Cha kushoto kilikuwa pale pale nilipokishona.

Nilipoliinua, pete zilitoa sauti kama mvua inayoanza kunyesha juu ya majani. Nikakuona uwanjani, jua likiwa nyuma yako, mkono wako ukipanda na upanga. Taswira hiyo hunijia mara nyingi, hata mchana nikiwa macho. Mkono hupanda, hupanda, wala haushuki.

Jagna akalivaa, akashika fagio badala ya upanga, akainua mkono wa kushoto. Akasita.

"Baba Mkubwa, mbona linanivuta? Na mbona pete zimelala ubavu?"

Nikamwambia asimame wima na aache kuropoka.

"Nimesimama wima tangu utotoni," akanijibu. "Hebu njoo uone mwenyewe, Mwalimu."

Nikavaa miwani. Wavu wa pete, kama kitambaa, una upande unaonyumbulika na upande usionyumbulika. Ule unaonyumbulika ndio unaopaswa kuufuata mkono unapopanda. Ukiugeuza, wavu hautanuki, na kinachokatika ni mshono. Ndiyo maana mzee aliyenifundisha alikataza kushona kwapa mezani. Koti huvaliwa, mkono huinuliwa, ndipo wavu hushikizwa kwa pini na kushonwa. Mimi nilishona mezani, kwa sababu ulichelewa kuja na sikutaka kukusubiri. Makwapa yote mawili niliyashona alasiri ile moja, na wavu niliugeuza kote kuwili.

Ulipoinua upanga, mshono wa kulia ulikatika, kipande kikaning'inia, na pigo lililofuata likaingia palipokuwa wazi. Nami nikasema mbele ya kikundi kizima kwamba uliliacha koti mvuani, uzi ukaoza, ingawa moyoni nilishuku kosa ni langu. Wiki hii niliuvuta uzi wa kushoto, uzi ule ule wa kitani nilioupaka nta kwa mkono wangu. Niliuvuta kwa koleo. Haukuoza, Ludomir. Ilinibidi niukate.

Vuli ilipofika, uliondoka na mkeo na watoto kwenda Australia.

Nilimweleza Jagna yote, nikiwa nimesimama. Alikuwa akiokota maua ya mcheri mezani, moja moja.

"Baba anajua?"

"Anajua kwamba hakuliacha mvuani," nikasema. "Hajui kwamba mimi najua."

Akaliegemeza fagio ukutani. "Basi mwandikie. Sindano isubiri."

Kwa miaka thelathini na minne nilisahihisha Kilatini cha watoto wa watu kwa wino mwekundu, na sikumwachia mtu kosa. Hili langu nimelitia alama ya uzi mwekundu kwenye koti, tundu kwa tundu, na Jumatano nikawaonyesha wanakikundi wote. Bożydar mfua pete aliligeuza koti mikononi. "Miaka kumi na moja, Mwalimu!" akasema. "Hata kutu yangu haichelewi hivyo." Sikumkemea. Nakuomba msamaha, bila kisingizio.

Sasa vipande viwili vipya viko mezani, maua yakiviangukia. Jagna hajasema kama atalivaa koti hilo, wala kama atakubali nimshonee mimi. Sitamshauri, kwapa ni lake. Ukitaka kumkataza, mwandikie yeye mwenyewe.

Nisalimie shemeji Halszka, na mwanao Tymon, ambaye nasikia sasa amekupita kwa kimo. Mungu ailinde nyumba yenu, na aliondolee bega lako maumivu ambayo mimi siwezi kuyaondoa.

Ijumaa ijayo Jagna atakapokuja, ama atalivaa koti na kuinua mkono mbele yangu, ama atalikunja na kulirudisha sandukuni. Atakaloamua nitakuandikia siku hiyo hiyo, wala sitalifuta.

Kaka yako akupendaye, ingawa amechelewa kulisema,
Wacław