Mama Yangu wa Miaka Ishirini na Saba

Kijijini, 3 Februari 2019

Kwa mama yangu Verna,

Nina miaka themanini na moja. Nimezika wake wawili na mapadri watatu, nimeishinda TB, na barafu ya mto ilinimeza na mbwa saba wa kuvuta sleji yangu ya theluji, nikatoka nao sita. Kwa hiyo nisikilize.

Hujambo lakini? Baridi ya Edmonton naisikia ni ya kitoto kando ya hii yetu ya kaskazini ya Kanada. Mimi sijambo, mgongo tu, nao hauna adabu toka zamani.

Jirani yangu Abel karudi kutoka kwako. Anasema umekonda mpaka suruali umeibana kwa pini. Nikamwuliza, "Anaumwa?" Akasema, "Anatapika, mzee, anadai ni kiungulia." Mama, mama aliyenizaa naye alisema hivyohivyo, ni mafuta ya samaki tu. Saratani ya tumbo ikamuua Panigavluk akiwa na miaka thelathini tu, na mimi sita. Ulipozaliwa, mjukuu wangu, tukakupa jina lake, na kwa mila yetu tangu siku hiyo wewe ndiye mama yangu. Mimi yatima mara ya pili sitaki kuwa. Nenda hospitali.

Mwanao,
Ezra

Edmonton, 20 Februari 2019

Babu mwanangu,

Shikamoo. Au nikuitikie marahaba, maana mama ni mimi? Natumaini mgongo umetulia. Mwandiko wako nimeusoma kwa kugeuza karatasi.

Hospitali nimekwenda. Daktari alisema mtu wa umri wangu si wa kufikiria saratani, akanipa dawa ya kiungulia, ikishindikana nirudi nimeze kamera. Imeshindikana. Tarehe wamenipa mara mbili, mara mbili sikutokea. Babu, ni mpira mrefu unapita kooni! Na usiku nawaza hilo jina nililorithi, labda nitakufa kama mwenyewe. Ndiyo maana sitaki waangalie.

Halafu usinifokee. Nesi wenu Colleen kaniambia madaktari wa kamera wakija huko kila mwaka kupima matumbo, wewe unakimbilia kwenye mitego ya panya wa majini, eti unatafuta manyoya ya kuuza. Siku utakayoimeza wewe, nami nitameza. Mama yako amesema.

Mama yako (usicheke),
Verna

Kijijini, 15 Machi 2019

Mama,

U mzima? Mimi ni mzima kuliko kijiji kizima, na sasa kuna ushahidi.

Nimemeza! Madaktari walikuja Jumanne, nami viatu nilikuwa nimeshavaa nikimbie. Nikakumbuka barua yako. Mama akishasema, mtoto atakwenda wapi? Nikaingia. Wakataka kunipa sindano ya usingizi, nikakataa, nataka kuona. Nikaliona tumbo langu kwenye televisheni, jekundu, zuri, kama kinywa cha mbwa kijana. Daktari akasema hajaona mzee aliyetulia vile. Sikutapika. Haya, mara mbili, kidogo. Wakakuta kijidudu cha tumboni, nimepewa vidonge vya wiki mbili.

Na hilo jina, sikia. Yeye hakuwahi kuangaliwa, kamera haikuwepo. Jina halikumuua. Umeahidi, mama. Zamu yako.

Mwanao,
Ezra

Kijijini, 2 Mei 2019

Mama,

Hujambo? Ndege ya barua imetua mara sita, nami nimesimama dukani, zinakogawiwa barua, mara sita. Dora muuza duka sasa ananiona tu anatikisa kichwa. Simu yako haipokelewi. Panya wa majini mwaka huu sijatega hata mmoja.

Andika hata neno moja.

Mwanao

Edmonton, 28 Mei 2019

Babu,

Shikamoo. Nisamehe. Ni mzima, ndilo neno moja ulilotaka.

Nilimeza tarehe 22 Machi. Ilikuwa saratani, kadoa kadogo tu. Sikuweza kukuandikia neno hilo bila kuwa na la pili la kuweka kando yake. Aprili walinikata, sehemu kubwa ya tumbo imeondoka. Jana wakanipa majibu: haijaenda popote. Daktari wa upasuaji akaniuliza, "Nani alikulazimisha kuja mapema hivi?" Nikamwambia, "Mwanangu, ana miaka themanini na moja." Akaandika kitu kwenye faili, nadhani ananipeleka kwa daktari wa akili.

Nakula mara sita kwa siku, vijiko vichache. Leo nimekula supu ya kulungu, imekaa.

Mama yako,
Verna

Kijijini, 10 Juni 2019

Mama yangu,

Umeamkaje? Kula polepole. Samaki mkavu nimempa rubani akuletee, utafune sana.

Barua niliifungulia palepale dukani. Nikasoma kwa sauti, na mimi kusoma unanijua, kila neno nalivuta kama sleji. Watu wakasimama na vikapu vyao mpaka nilipofika kwenye "haijaenda popote". Nikakaa juu ya gunia la unga.

Desemba unafika ishirini na nane. Halafu thelathini, halafu thelathini na moja. Mimi mama wa miaka thelathini na moja sijapata kuwa naye. Sijui hata anavyokuwa. Nataka kuona.

Sikulia. Colleen alikuwepo, Dora alikuwepo, waulize. Abel usimwulize.

Mwanao,
Ezra