Kimya Uani kwa Mwalimu Hamisi

Likoni, Jumanne, 1947

Mvua iliyoanza alfajiri imekatika sasa hivi, lakini jua limekataa kutoka. Cherehani nimeifunika tangu juzi. Kanzu za watu ziko mezani hazijatiwa mkono, na wenyewe wakija na ghadhabu nitawaambia nina msiba. Sitakuwa nimesema uongo, ingawa marehemu si baba yangu wala mjomba.

Mwalimu Hamisi wa Bofu amekufa. Tumemzika Jumapili.

Nimeyaandika maneno hayo na bado siyaamini.

Alifundisha ngoma na michezo ya kuigiza uani kwake, tangu mimi sijazaliwa. Hakuwa na cheti wala ubao. Makuli wa Kilindini, wagema, wachuuzi wa muhogo, sote tulipita mikononi mwake baada ya kazi. Hata vijana wa Kikristo wa Mikindani walivuka feri kuja kujifunza kwake.

Mwezi wa kwanza hukuchezeshwa, ulitembea tu. Alikwambia utembee kama mamako, kisha kama jirani mwenye majivuno, kisha kama mtu aliyesimama foleni ya mchele wakati wa vita akaambiwa umekwisha. Siku moja nilimtembea mama yangu hata mpita njia, aliyeniona mgongo juu ya ua wa makuti, akaita, "Bi Zuhura, shikamoo!" Nikageuka nikaitikia kwa sauti yangu mwenyewe. Mwalimu alicheka mpaka tambuu ikamtoka kinywani, halafu akanivuta sikio. "Kwa sauti hiyo ushamuua mamako!" akaniambia.

Alikuwa mkali na maneno yake yalichoma. Nilikuwa nikienda nyumbani nimenuna, nikiapa sirudi tena, na kesho yake nikawa wa kwanza kufika. Nilimpenda. Sikumwambia, kwa sababu mtu kama yeye huwezi kumwambia jambo kama hilo.

Si wote waliompenda. Baadhi ya wazee wa msikitini walisema anawatia vijana wazimu wa ngoma, ingawa kila alfajiri walimwona safu ya pili. Alipofariki Jumamosi jioni nilimsikia mmoja wao dukani akisema, "Haya, kesho tutaona nani atamshuhudia." Neno lile lilinikaa kifuani. Huku kwetu, kabla jeneza halijainuliwa, sheikh huwauliza waliohudhuria wamemjua marehemu kwa lipi, nao huitikia kuwa alikuwa mtu wa kheri. Ni kitu cha mwisho mtu anachopewa na majirani zake. Na mkewe, Bi Mishi, angekuwa ndani na wanawake, dirisha wazi, akisikiliza.

Jumapili baada ya adhuhuri ua ulijaa watu hadi njiani. Sheikh akasimama upande wa kichwa cha jeneza.

"Jamaa, mwamshuhudia nini maiti huyu?"

Kimya.

Wazee wa safu ya mbele walitazama chini. Sijui kilikuwa kinyongo au walingoja sisi watu wake tuanze. Sisi tulijaa nyuma, zaidi ya nusu ya ua, na hakuna aliyefungua kinywa. Sheikh akauliza mara ya pili. Kimya vile vile. Mle ndani mwanamke akakohoa.

Tulikuwa tunamngoja Mwalimu.

Wallahi ndivyo ilivyokuwa. Katika ua ule ule, kila wimbo ulikuwa na mwito na kiitikio, na yeye alitukataza kabisa kuitikia kabla hajashusha mkono. Aliyetangulia peke yake alifukuzwa hadi wiki nyingine. Sasa mwito umetolewa, sisi tumesimama pale pale alipozoea kutupanga, na ndimi zimegoma. Nilimtazama Kombo, mpiga ngoma wake wa miaka yote. Macho yake yalikuwa juu ya jeneza, yanasubiri amri.

Sheikh akauliza mara ya tatu. Sikufikiri. Niliinua mkono juu ya vichwa vya watu, nikamwacha amalize, nikaushusha.

"Mtu wa kheri!"

Ilikuwa sauti moja. Kunguru waliruka kutoka juu ya paa. Wazee nao waliitikia, nyuma yetu kidogo, kama wafanyavyo wageni kwenye ngoma. Sheikh alinitazama, akaashiria jeneza liinuliwe. Nililia njia nzima hadi makaburini.

Leo tumesoma hitima. Watu walipoanza kutawanyika Bi Mishi aliniita. Yumo edani, kwa hivyo alisema nami kutoka nyuma ya pazia.

"Nalisikia kile kimya, mwanangu. Nikasema moyoni, leo mume wangu wamemvua nguo mbele za watu. Mlikuwa mwangoja nini?"

"Twalimngoja yeye, mama."

Kisha nikasikia kicheko kinaanza, kikageuka kilio, kikarudi kicheko.

"Kafa, na bado mwamuogopa!" Alipenga kamasi. Sauti yake ikatulia. "Na huo mkono, aliuinua nani?"

Nilitamani kulitaja jina la Kombo.

"Mimi, mama."

"Basi sikiza. Eda yangu ikisha, nataka nisikie ngoma hapa uani. Nawe usinijie na udhuru."

Nikamwambia inshallah.

Naogopa. Sioni haya kuliandika hilo. Kushona najua, kucheza najua, lakini kumwambia mtu mzima arudie hatua moja mpaka jua lizame, na kesho arudi mwenyewe kwa hiari yake, sijui ilikuwaje akaliweza. Nilikuwa namtazama kila siku na sikuona alivyofanya.

Ua nitaufungua, nimekwisha kuahidi. Watasimama mbele yangu, Kombo, na makuli, na wale wa Mikindani, wautazame mkono wangu, wangoje.

Na mimi je, nitamngoja nani?