Fuwele Juu ya Bati

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Sijaandika neno tangu Pasaka. Sina udhuru. Naziomba radhi kurasa hizi, na yatosha.

Leo nimebadilisha uzi unaoning'iniza fuwele yangu ndani ya maji ya chumvi inamokua. Imefikia ukubwa wa kidole gumba. Chumvi yake nimeipika mwenyewe: ukoko uliokwanguliwa ndani ya pipa la divai ya misa, magadi ya kufulia, maji. Mkaguzi wa elimu atakuja Ijumaa kuiona. Akiridhika, kemia itaendelea kufundishwa hapa. Asiporidhika, wanafunzi wangu watabaki na useremala tu.

Jumatano, 5 Agosti

Nimeitoa majini. Safi kama kioo. Nimelieleza darasa: molekuli ya chumvi hii imejipinda, mikono yake ya oksijeni na haidrojeni imeelekea nje, ikashika maji. Maji hayo ndiyo nguzo za fuwele. Wamenakili. Hawakuelewa. Wanabisha kwamba kitu kikavu hakiwezi kuwa na maji ndani. Nimechoka nao.

Alhamisi, 6 Agosti

Nina hasira. Veronika, dada wa mke wangu, ameikuta mezani ina unyevu, akaianika juu ya bati la paa pamoja na michembe yake, vile vipande vya viazi vitamu vya kukausha. Mchana kutwa! Imeyeyuka katika maji yake yenyewe, ikakauka kuwa donge jeupe gumu. Nilimwuliza sababu.

"Shemeji, kitu cha kuweka huanikwa. Tena mwalimu mzima unalilia chumvi isiyofaa hata kwenye mboga ya mlenda?"

Mke wangu akacheka. Sikula.

Ijumaa, 7 Agosti

Treni ilikwama kituo cha Tura. Mkaguzi amefika alasiri, vumbi tupu, amenuna. Nimempa mabaki ya fuwele kwenye sahani na kumweleza ukweli. Akaliuliza darasa: mbona jua haliharibu sukari hivi?

Kisha Luka na Petro wakaanza kubishana bila kunyoosha mkono. Aibu!

"Sukari haina maji ndani, bwana! Hii iliyashika," alisema Luka.

"Iliyashika kwa nini, wewe?" Petro akamuuliza.

"Kwa ile mikono! Ingekunjwa ndani, ingeshika nini? Maji yametoka, nyumba imeanguka."

Mkaguzi aliacha kuandika, akasikiliza.

Jumapili, 9 Agosti

Misa. Jua kali. Mkaguzi aliondoka jana bila kusema ndiyo wala hapana. Wakubwa wake ndio wataamua kama kemia itabaki. Nimewakemea Luka na Petro kwa utovu wa adabu. Jibu lao lilikuwa sahihi. Hilo sikuwaambia.

Sina zaidi. Wakiamua neno, liwe jema au baya, nitaliandika hapa siku ile ile.