Jicho la Kushoto la Mkwe wa Bortolo

Huna haya, wewe uliyejiita "Mnyonge wa Inzino". Umemchafulia mzee wa watu jina, halafu unaniletea karatasi tatu za machozi, tena kwa wino wa zambarau! Wasomaji, isomeni kwanza barua yenyewe. Nimemwachia maneno yake kama yalivyo. Mimi niliishia darasa la nne, sina kazi ya kumsahihisha karani.

*Mpendwa Bibi Ortensia, naomba msaada wako maana nimekwama na sina wa kumwambia, mke wangu Ottavia ndiye wa mwisho kabisa. Mimi ni karani wa manispaa, sikuzaliwa humu bondeni, nilitoka Cremona, na nilipomchumbia Ottavia nilijua kwamba baba yake, mzee Bortolo, ni mchonga vitako vya bunduki, na kwao mkwe hapewi saa wala suti, anapewa bunduki ya mitutu miwili ambayo kitako chake kimechongwa na baba mkwe mwenyewe kwa kipimo cha mwili wake, basi siku ya kupimwa nikaitwa karakana, shemeji zangu watatu wamekaa juu ya benchi wanakula soseji, mzee akaniambia, "Mkwe, fumbua macho yote mawili, ninyooshee kidole hapa kwenye pua, nione kinasimama mbele ya jicho lako lipi," nami nilikuwa nimeshasikia kwamba mtu wa mkono wa kulia ambaye jicho lake lenye nguvu ni la kushoto huchongewa kitako kilichopinda ili mitutu ije mbele ya jicho hilo, na kitako hicho wanakiita mguu wa mbuzi, na mwenye mguu wa mbuzi huchekwa mpaka siku ya kuzikwa, na mimi, Bibi, jicho langu ni la kushoto, nilijijaribu nyumbani mbele ya kioo, kwa hiyo nilipoinua kidole nikalifumba kidogo kama mtu aliyeingiwa na vumbi la mbao, mzee akasema, "La kulia, safi kabisa," akachonga.*

*Kitako ni kizuri mno, cha mti wa mjozi alioukausha miaka kumi na mmoja, lakini kila nikipiga, marisau, zile risasi ndogo ndogo, yanapita kushoto, na Jumapili ya kwanza kwenye uwanja wa visahani vya udongo vinavyorushwa hewani vipigwe nilivunja vinne kati ya ishirini na tano, shemeji yangu Gaudenzio akapaza sauti, "Jamani, leo visahani viko likizo, vinarudi kwao vizima!" watu wakacheka, nikaona aibu, tulipofika baa nikasema mbele ya wote, "Kitako ndicho kibovu, mkono wa mzee siku hizi unatetemeka," nilisema mara moja tu, Bibi, lakini likaenea, na wiki iliyofuata nikachukua tupa nikapunguza mbao pale shavu linapokaa, nikidhani marisau yatarudi kulia, nikapunguza tena, sasa pana shimo kama kijiko na bado nakosa, na lililo baya zaidi ni kwamba wawindaji wawili wameshaondoa kazi zao kwa mzee, naye ametangaza kwamba Jumamosi hii anauza benchi na tupa zake zote, anasema, "Kama nimeshindwa kumpima mkwe wangu, nitampima nani?" Ottavia analia tu, na mimi nafikiria kuitumbukiza bunduki mto Mella niseme imeibwa, je, nifanyeje?*

Mwanangu, jina lako sitalitaja. Sina haja. Makarani wa manispaa waliotoka Cremona wakaoa kwa Bortolo ni wangapi humu bondeni? Hilo jina la Mnyonge umejifunika nalo kama mtu anayejificha nyuma ya ufagio.

Nakuonea huruma kidogo, kwa sababu najua shemeji zako. Wale wakishashiba soseji hata askofu wanaweza kumcheka. Huruma yangu inaishia hapo.

Miaka thelathini na sita nilikaa dirishani nikichora vile vimistari vya kitako vinavyozuia mkono usiteleze. Kazi za Bortolo zimepita mapajani mwangu kwa mamia. Mkono wake unatetemeka akishika kikombe cha kahawa, ndiyo. Akishika tupa unatulia. Nimeuona kwa macho yangu, mwezi uliopita.

Sikiliza, maana inaonekana ulipewa bunduki bila kupewa akili yake. Bunduki ya marisau si ya askari. Huna muda wa kufumba jicho moja na kulenga taratibu wakati ndege anaruka. Haina kilengeo cha nyuma; kilengeo cha nyuma ni jicho lako mwenyewe. Ndiyo maana kitako hupimwa kama suruali. Wewe ulimdanganya fundi kiuno, suruali ikapasuka mbele za watu, ukasema fundi mlevi! Halafu ukachukua tupa. Kwenye mjozi wa miaka kumi na mmoja! Aliyeumwa ni jicho, wewe ukampasua kitako. Hata ungelichimba shimo hilo mpaka ukatokea upande wa pili, jicho la kushoto lingeendelea kuitawala mitutu, na marisau yangeendelea kwenda kushoto kusalimia vichaka.

Na huo mguu wa mbuzi unaouogopa, marehemu mume wangu Faustino aliubeba miaka arobaini. Walimcheka, kweli. Vuli ikifika hao hao walijaa jikoni kwangu wakila ndege wake wa mishikaki na polenta, ugali wetu wa mahindi, wanalamba vidole mpaka kwenye kiwiko. Akawa anawauliza, "Ndugu zangu, huyu mbuzi mtamu?" Walinyoosha sahani kuomba tena, midomo imejaa.

Gaudenzio naye asijione. Namfahamu tangu anatambaa. Kila akivuta triga anasimamisha mkono, marisau yanafika pale kisahani kilipokuwa jana. Nanyi wawili mlioondoa kazi zenu, mmemwamini nani? Mtu ambaye mwaka juzi hakujua bunduki inafunguliwa wapi! Zirudisheni, tena muombe radhi kwa mdomo, msitume wake zenu.

Kwa sasa, karani, mpaka upate kitako cha jicho lako, bandika kipande cha utepe, kidogo kama dengu, kwenye kioo cha kushoto cha miwani unayovaa uwanjani, pale jicho linapokutana na mitutu, ili la kulia lishike kazi. Yaache macho yote mawili wazi. Egemea mguu wa mbele. Bunduki ndiyo inayopanda kwenye shavu. Wewe unaishusha shingo kuifuata kama bata anayekunywa maji, nimeambiwa. Tazama kisahani, uache kuitazama mitutu, na ukishafyatua mkono uendelee kwenda.

Lakini hayo ni ya Jumapili. La leo ni zito kuliko visahani. Mzee wa miaka sabini na nne anataka kuuza mikono yake kwa sababu ya neno lako moja la baa, na anaamini kosa ni lake. Ukiitupa hiyo bunduki mtoni atakufa akiamini hivyo. Hilo hutalisawazisha kwa msasa.

Gazeti hili linatoka Ijumaa asubuhi. Bortolo hulisoma akishamaliza supu ya mchana, anaanza na matangazo ya misiba, kisha anakuja kwangu. Kwa hiyo una mpaka saa sita. Mwambie Ottavia kwanza, asije akalisikia dukani. Kisha pita baa, usimame pale pale uliposimama siku ile, useme kwa sauti ile ile: "Jicho langu ni la kushoto, nilimdanganya mzee, kitako nimekiharibu mwenyewe." Watacheka. Waache wacheke. Ukitoka hapo panda karakana, bunduki mkononi, shimo lako likiwa juu ambapo kila mtu analiona. Usilie, machozi yanaharibu mbao. Mwambie unataka mguu wa mbuzi, mrefu, uliopinda kuliko yote aliyowahi kuchonga, na usitoke humo ndani mpaka ashike tupa.