Mfuko Uliopigwa Bandi

Machi 3

Mama mpendwa,

Shikamoo. Macho yanasemaje? Sisi wazima, watoto wanarefuka kila kukicha.

Mama, usikasirike. Pasaka hatutakuja. Najua niliahidi, na mwaka jana pia niliahidi. Baba watoto amepata likizo ya wiki moja tu, na mwenzake kazini ametutafutia nyumba ya wageni katika nchi ya Wakatoliki watupu. Wiki Kuu, anasema, mji mzima hutoka barabarani kuufuata msalaba. Nilikuwaza wewe ulivyo mtu wa kanisa. Nitakuwashia mshumaa.

Gauni langu la Pasaka usiache kunishonea. Vipimo ni vilevile, ila kiunoni ongeza inchi mbili, na usicheke.

Mwanao

Machi 19

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima wa kujikongoja. Nimecheka, na nimeongeza inchi tatu kwa sababu nakujua.

Sikasiriki, nimeshazoea. Ila sijui msalaba wa huku kwetu una kasoro gani mpaka mpande ndege kufuata wa wenzenu.

Gauni nimelishona siku tisa. Zamani ilikuwa siku moja, lakini sasa hata kutunga uzi kwenye sindano namwita jirani. Livae Ijumaa Kuu. Mfuko nimeupiga bandi kwa uzi mweupe, kama nilivyofanya kwenye sare zako za bweni. Ufumue mwenyewe. Mambo mengine hayasemeki kwa simu mumeo akiwa pembeni.

Mama yako

Jumatatu ya Pasaka

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Sisi hatujambo, tumechoka tu. Maduka yamefungwa, watoto wamelia njaa nyuma ya maandamano, na baba yao amenuna kama hakuambiwa hii ni Wiki Kuu. Mshumaa nilitaka kukuwashia, foleni ikanishinda.

Lakini gauni, mama! Nililivaa Ijumaa Kuu kutwa nzima. Watu walinigeukia. Hata mama anayesafisha vyumba alinisimamisha kwenye ngazi akashikashika kitambaa. Mikono yako haijazeeka hata kidogo.

Mwanao

Mei 12

Mwanangu,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa mwalimu wa kwaya. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kulainisha neno.

Wiki iliyopita ilikuja bahasha kutoka huko mlikokwenda. Ndani mlikuwa na kikaratasi changu. Unanijua, siandiki hata mistari mitatu bila kutia anwani juu pembeni, hata kikiwa cha kutia mfukoni. Yule mama msafishaji alifumua uzi, akakikuta, hakuelewa neno. Akaona anwani, akanirudishia kwa stempu aliyonunua mwenyewe. Aliandika na barua yake, padre anayeijua lugha yao akanisomea. Anashukuru kwa gauni ulilompa siku mliyofika. Anaomba radhi kwamba huenda kikaratasi kilikuwa cha maana.

Kilisema hivi: "Jumatano baada ya Pasaka nafanyiwa upasuaji wa macho. Daktari hajaniahidi kitu. Njoo hata siku moja, nikuone kwanza." Ulipokuwa bweni, mfuko ulikuwa unaufumua kabla hujafika getini.

Jumatano ilifika, na barua yako ya Pasaka ilikuwa bado haijanifikia. Nilimwomba daktari anipange wa mwisho, nikamwambia nina mgeni njiani. Nesi alikuja kuniita mara tatu. Sasa naona mwanga wa dirisha, basi.

Nimeumia, mwanangu. Si kwa gauni, nguo hugawiwa. Nimeumia kwa kutwa nzima uliyosema umelivaa.

Mwalimu ananiambia niandike kwamba nakusubiri. Siandiki. Ukija sasa utakuwa umekuja kuniangalia, na mimi nilitaka kukuangalia wewe.

Kwenye bahasha kulikuwa na picha pia. Mwalimu anasema ni yule mama, amesimama mbele ya kanisa amevaa gauni langu, anacheka. Limemkaa vizuri, ila kiunoni linapwaya. Nimemwambia mwalimu aibandike ukutani, pale ilipokuwa yako.

Mama yako