Kipawa cha Sidai

Ndugu yangu Lemayian,

Supai! Najua umeitikia kwa sauti mpaka kuku wakashtuka. Mko wazima hapo Isinya? Magoti ya mama yetu Yeyo yanaendeleaje na baridi ya huko? Mvua imewafikia, ama bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Mimi nipo, Mungu ananishikilia, ingawa leo sitakudanganya vile huwa nakudanganya kwa simu. Simu ya kwetu haina siri. Anapigiwa mmoja, boma lote linasikiza, na Baba ndiye wa kwanza. Kwa hivyo nimempa barua hii rafiki yangu anayerudi Kitengela. Isome ukiwa peke yako kwa banda la kuku.

Kwanza habari za gemu, maana najua hizo ndizo unangojea. Ile gemu ya madubwana uliyoniwekea kwa simu kabla sijapanda ndege, ati initoe upweke, imeniaibisha sana. Ulinichagulia yule dubwana wa kijani mwenye pembe kama za mbuzi, mimi nikamwita Sidai kwa vile ni mrembo. Ukaniapia kwamba ana kipawa cha kujiponya. Nikangoja ajiponye. Wapi! Anapigwa sumu, nguvu zinamwisha kila raundi, mimi namsukuma mbele tu, mpaka anaanguka. Nikasema huyu Lemayian ameniuzia ng'ombe mgonjwa.

Sasa Ijumaa iliyopita nilikuwa nacheza na Marisel, Mfilipino tunayefanya kazi naye kwa hii nyumba na kulala chumba kimoja. Anayeshindwa huosha vyombo vya wote wawili. Akamwona Sidai ameingiwa na sumu tena, akaniuliza, "Mbona humwiti arudi?"

"Arudi wapi?"

"Akae pembeni, uingize mwingine. Kipawa chake hufanya kazi akitoka tu."

Nikamwambia kwetu mtu harudi nyuma adui akiwa mbele. Nilisema kwa maringo, hata shingo nikainua! Wewe si unajua tulivyolelewa? Ukichomwa na mwiba asubuhi unachunga mpaka ng'ombe warudi, na ole wako uchechemee Baba akiona. Kile kitufe cha kumrudisha nilikuwa nakiona kila siku, nikidhani kimewekewa waoga.

Marisel hakubishana. Alininyang'anya simu, akamtoa Sidai, akamwingiza yule wangu mwingine wa manyoya. Baada ya raundi kadhaa akamwita Sidai tena. Aki, sumu yote ilikuwa imemtoka! Alikuja mzima, akapiga mpaka nikashinda, na Marisel akaosha vyombo vyetu sote wawili akicheka.

Mimi nilicheka naye kidogo, kisha nikalia. Lemayian, bega langu la kulia limeharibika. Bibi mzee ninayemtunza hapa ni mzito, na kumwinua kitandani, kumpeleka bafuni na kumrudisha ni kazi yangu mimi. Sasa hata kujichana nywele siwezi, Marisel ndiye hunichana. Daktari alinipiga picha, akasema kuna msuli umechanika ndani. Vidonge vitatuliza maumivu tu, dawa yenyewe ni kupumzika miezi kadhaa. Nikiendelea kuinua watu, mkono huu utabaki hivi hivi.

Na mkataba wangu unaisha mwezi huu. Mama mwenye nyumba, ambaye ni mtu mzuri, siwezi kumsingizia, alileta karatasi za miaka miwili mingine nisaini. Kila nikishika kalamu nasikia Baba akiwaambia watu sokoni ati binti yake harudi mpaka nyumba ya mawe iezekwe. Nilijua nikirudi sasa atasema nimeshindwa. Hilo neno naliogopa kuliko maumivu yenyewe.

Leo asubuhi nimezirudisha zile karatasi bila sahihi. Mama mwenye nyumba alisikitika, lakini amekubali kunikatia tikiti.

Msalimie Yeyo kwa mikono miwili, umwambie nakula vizuri, huo si uongo. Msalimie shangazi anayeuza maziwa Kitengela, na Mama Halima wa duka, umwambie shuka aliyonipa ndiyo hunifunika mpaka leo. Kuku pia wasalimie, wale ambao hutakuwa umewauza.

Sasa Baba. Nakuomba umwambie wewe, jioni akiwa anakamua, kwa sababu wakati huo huwa hana haraka. Usianze na bega. Anza na yule mtamba mwekundu aliyevunjika mguu kwa mawe wakati wa kiangazi. Baba hakumpeleka malishoni na wengine. Alimwacha bomani na ndama, akawa anamkatia majani kwa mkono wake mwenyewe, na sikumsikia hata siku moja akimwita mwoga. Ukishamkumbusha hayo, ndio umwambie habari yangu yote.

Akinyamaza, ujue amekubali. Akifoka, mwache afoke amalize. Halafu umwambie nimeshapanga nguo zangu, lakini sanduku siwezi kulibeba, na ningependa aje yeye mwenyewe kunipokea.

Dada yako anayekupenda,
Naisiae