Mistari Mitatu ya Ukuta wa Jikoni

Mama,

Nina mimba. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungenikatiza salamu ili uulize. Na si ile mimba yako ya kunitazama ninavyokunywa chai halafu unaamua mwenyewe na kuwatangazia wenzako wa kanisa. Hii ni ya kweli, kliniki wameithibitisha, na tumbo limefika mahali siwezi kuona miguu yangu. Tulikuzika mahindi yakiwa ya palizi ya kwanza, na kabla hayajatoa ndevu nikaanza kutapika. Ulikosa kidogo tu. Hilo linaniuma kuliko yote, Mama, na nimeona niliseme mapema ili niweze kuendelea na mengine.

Naandika nikiwa jikoni kwako, kwenye kile kigoda chako kifupi. Kuinuka kutahitaji mtu wa kunivuta, lakini hiyo ni shida ya baadaye. Krismasi imepita. Wifi Rose na watoto wake wamerudi Nairobi, Baba ameenda kumfunga ng'ombe kule chini karibu na shamba la majani chai, na kesho mimi na Boni tunarudi Lurambi kwa sababu kuna mteja anasubiri ajengewe ukuta. Mwanao bado ni fundi wa mawe na bado anarudi nyumbani na simenti kwenye nyusi. Nataka nikueleze sikukuu ilivyokwenda, maana ilibaki kidogo isiwepo.

Utaratibu wako tunaujua sote. Wiki ya Krismasi hakuna aliyekuwa na amani humu mpaka ukuta wa jikoni upakwe upya. Watoto walete maji, Rose akanyage udongo wa kichuguu, mimi nibebe mavi ya ng'ombe kwa karai, halafu wewe upake kwa mkono, ukiimba na kuvuta vidole kwa mzunguko kama mtu anayefagia anga. "Wageni watakula kuku, lakini kwanza watatazama ukuta," ulikuwa unasemanga. Kuku, chapati, soda, Misa, mapigano ya fahali siku inayofuata, yote yalikuja baada ya ukuta.

Mwaka wangu wa kwanza kama mke wa Boni nilikuwa sijawahi kushika mavi ya ng'ombe. Nimelelewa Kakamega mjini, kwenye ploti ya nyumba za bloku, ng'ombe tulikuwa tunamwona barabarani. Uliniweka kando yako nikaanza kukuiga. Nikaona mkono wako unaacha mistari mitatu. Rose anaacha minne, wewe mitatu. Sikujua kwamba kidole chako cha mwisho kilipindia ndani ya kiganja tangu ulipokuwa msichana, siku ng'ombe alipokivuta na kamba. Mimi nilidhani huo ndio mtindo wa boma hili. Basi nikakunja changu. Nikapaka nusu ya ukuta hivyo, kidole kinakufa ganzi, natokwa na jasho, nikijiambia kwamba ndoa ni kuvumilia.

Ukaniona. Ukaushika mkono wangu ukaugeuza, ukasema, "Nyoosha kidole. Changu kilivunjwa na ng'ombe. Chako kimevunjwa na nani?"

Halafu ukacheka mpaka ukaegemea ukuta uliotoka kuupaka, mgongo wote ukawa udongo. Niliona aibu, haki, nikatamani kurudi kwetu. Boni sikumwambia. Hiyo ilikuwa yetu, mimi na wewe, na kila Desemba ulikuwa unanitazama vidole kabla hujaanza.

Sasa, Boni. Baada ya mazishi alifunga mlango wa jiko kwa kufuli la duka. Alisema mikono yako ya Desemba iliyopita iko ukutani, na mtu yeyote asiiguse. Waombolezaji walikuwa wamepikia nje, kwa hivyo ukuta ulikuwa mzima, mistari yako yote ipo. Akamnunulia Baba jiko la gesi, akaliweka sebuleni. Baba hakubisha. Lakini kila asubuhi alibeba kikombe chake akaenda kukaa pale pale nje ya dirisha la jiko, mahali ulipokuwa unampitishia chai, akanywa akiangalia dirisha lililofungwa. Siku moja tu alisema, "Chai ya gesi haina moshi." Hakurudia.

Mwezi wa kumi Boni akabakiwa na vanishi ya milango ya mteja. Akaja huku peke yake, akaupaka ukuta wako vanishi. Vanishi, Mama, juu ya udongo! Alirudi Lurambi akiwa na furaha sijaiona tangu uondoke. Akaniambia ukuta unang'aa kama mlango wa kanisa, na sasa mikono ya Mama haitoki hata miaka mia. Sikumbishia. Yeye ndiye fundi, na nani angemnyima mtu furaha ndogo kama hiyo.

Lakini nilikuwa na jambo langu. Unajua desturi yako nyingine. Mtoto wa boma hili akitoka hospitali, maji yake ya kwanza ya kuoga huchemshwa kwenye mafiga yako. Boni aliogeshwa hivyo, na Rose pia. Watoto wa Rose walizaliwa Nairobi ukakataa kuwaita kwa majina mpaka waletwe waogeshwe. Wetu atafika mwezi wa pili. Tulipofika hapa kwa Krismasi nilimwambia Boni nataka yale maji. Sitaki maji ya gesi sebuleni. Nikamwambia jiko lisilopikiwa Krismasi halitafunguliwa mwezi wa pili. Litakuwa stoo, halafu kuku wataingia, halafu paa litaanguka, na mtoto wetu atakuwa anaonyeshwa kichuguu anaambiwa hapa palikuwa jikoni kwa kukhu, nyanya yako.

Alisema hawezi. Kwamba moto ukiwaka masizi yatafunika ukuta, na kwamba nikiupaka upya nitakuwa nimekufuta. Nikamjibu kwa ukali. Nilimwambia mama yake hakuwa kufuli. Akatoka kwenda kumfunga ng'ombe ambaye alikuwa amefungwa tayari. Tulilala bila kusemezana, na hata asubuhi nilimwekea chai nikitazama pembeni.

Ndivyo Rose alivyotukuta. Alifika na watoto, kuku wawili, kreti ya soda na unga wa chapati, akauliza chapati zitapikiwa wapi. Boni akageuka kuhesabu soda. Mama Jentrix, jirani yako, akaja kutusalimia, akaona sura zetu, akasema amesahau maziwa motoni. Jioni baada ya sala Baba hakuinuka kwenda kulala. Alinyoosha mkono mbele ya Boni, kiganja juu.

"Ufunguo," akasema.

Boni akautoa shingoni. Kumbe alikuwa anauvaa, na mimi mkewe nilidhani ni rozari.

Mama, tulipofungua, ukuta ulikuwa chini. Si wote, ule upako wa juu tu, ule wa Desemba iliyopita, wenye mikono yako. Jiko lisilo na moto lilishika unyevu wa mvua zile za mwisho wa mwaka, vanishi ikazuia ukuta kupumua, na upako ukabanduka vipande vipande kama maganda ya muhogo. Vilikuwa vimelala sakafuni vinang'aa. Boni alipiga magoti akaanza kuviokota. Alikuwa anajaribu kuvipanga, hiki na hiki, kama sahani iliyovunjika. Akapata kimoja chenye mistari mitatu kamili. Akakishika kwa mikono miwili, na kikasagika hapo hapo.

"Nimemfuta Mama," akasema.

Akalia kwa sauti. Siku ya mazishi hakulia, alikuwa anahesabu viti na kuelekeza watu. Nilikaa chini kando yake, tumbo na yote, tukalia pamoja. Rose naye mlangoni. Baba alibaki nje.

Ni mtoto mkubwa wa Rose aliyekuwa anamulika kwa simu. Alimulika ukuta, pengine kwa kuogopa kututazama watu wazima tukilia, na mimi nikainua macho. Pale upako ulipobanduka kulikuwa na mistari. Mitatu mitatu, ikizunguka upande mwingine. Ulikuwa ni upako wako wa mwaka uliotangulia. Na karibu na dari, palipobanduka zaidi, kulikuwa na mwingine nyuma ya huo, mitatu pia. Na kando ya mlango, chini kidogo, nikaiona ile ya kwangu ya mwaka wa kwanza, imepinda kama kuku aliyeparua, mitatu mpaka katikati ya ukuta na ghafla minne.

Nilicheka, Mama. Kamasi zinatoka na ninacheka. Nikamshika Boni kidevu nikamgeuza aone. Nikamwambia, "Angalia. Mama alikuwa anajifuta mwenyewe kila Desemba. Na alikuwa anaimba."

Aliukaribia ukuta akaweka vidole vyake kwenye mistari ile ya chini, akaifuata polepole mpaka mwisho wake. Tukafunga mlango bila kufuli tukaenda kulala.

Asubuhi nilimkuta ameshakanyaga udongo, suruali imekunjwa magotini. Alikuwa ameleta mwiko wake wa kazi. Nikamwambia auweke chini, hapa hakuna simenti. Alipochanganya alitia maji kama mtu anayetengeneza plasta, udongo ukawa uji, tukaurudishia mavi na majivu mpaka ukashika. Mimi nilipaka sehemu ya kati, maana kuinama siwezi na kupanda kiti mumewe Rose alishanikataza kwa simu kutoka kazini, kama yeye ndiye daktari. Boni alichukua juu na chini. Mama Jentrix akapita na debe la maji kichwani, akasimama kwenye ua akauliza Boni ameolewa lini na mahari ilikuwa ng'ombe wangapi. Boni akamwambia apite salama. Lakini nilimwona anatabasamu.

Baadaye nikageukia upande wake. Nikatazama. Alikuwa anapaka vizuri, mzunguko mzuri kuliko wangu, nisiseme uongo. Mistari mitatu. Alikuwa amekunja kidole cha mwisho ndani ya kiganja. Shingo yake ilikuwa imesimama mishipa, na anaendelea.

Nilimwacha apake kipande. Nilidhani nitaweza kumwacha amalize ukuta mzima hivyo, awe na wewe kwa siku hiyo. Halafu nikaona uso wake, na nikajua angekunja kidole hicho mwaka huu, na ujao, na kila mwaka, mpaka kipindie kweli. Nikaenda nikaushika mkono wake nikaugeuza, kama ulivyoushika wangu.

"Nyoosha kidole," nikamwambia. "Cha Mama kilivunjwa na ng'ombe. Chako kimevunjwa na nani?"

Alinitazama. Alijua hayo si maneno yangu. Nikamhadithia yote, nusu ya ukuta, jasho, ndoa ni kuvumilia, na mgongo wako wenye udongo. Alikaa juu ya karai lililopinduliwa, akacheka. Alicheka mpaka Rose akaja kuangalia, na baadaye sikujua tena kama anacheka au analia, na nadhani hata yeye hakujua. Kisha akasimama, akachovya mkono, akamaliza ukuta kwa vidole vyote.

Kwa hivyo jiko lako liliwaka Krismasi. Chapati zilipikwa, mbili ziliungua, Rose akanisingizia mimi. Kuku aliiva kwenye mafiga. Watoto walikula ugali wetu wa obusuma mpaka wakalala wamekaa. Asubuhi ya sikukuu nilifungua dirisha nikampitishia Baba kikombe chake. Alikunywa kidogo, akaangalia ndani ya kikombe, nikadhani nimezidisha majani. Halafu akasema, "Hii ina moshi." Akarudisha kikombe kijazwe.

Siku iliyofuata alimchukua Boni wakaenda kutazama fahali kama kila mwaka, Boni na udongo bado uko kwenye kucha. Fahali wa upande wetu alikimbia. Baba alikasirika mpaka jioni, na sisi tulifurahi sana kumwona amekasirika.

Basi, Mama, ndivyo tulivyo. Nakukumbuka kila siku, na zaidi ninapotaka kuuliza jambo la tumbo hili ambalo sitaki kumuuliza nesi. Boni anakuja kunivuta kutoka kwenye kigoda chako, kwa hivyo nimalizie. Kufuli ameliuza, ama amelipoteza, sijamuuliza. Mwezi wa pili tutakuja na mtoto, na maji yake ya kwanza yatachemka hapa, kwenye mafiga haya. Tukimaliza kumwogesha nitaacha kukuita Mama. Nitakuita Kukhu kama atakavyokuita yeye.

Nyuma ya mlango kuna mahali ambapo nilidhani Boni amepasahau. Leo nimeufunga ili upepo usinipulize, nikapaona. Amepapaka, mistari mitatu, upana wa kitambaa cha kichwa tu. Nitapaacha hivyo mwaka huu. Desemba ambayo mtoto ataweza kusimama nitamchovya mkono kwenye udongo nimweke mbele ya ukuta wako. Na akiiona mistari ya baba yake nyuma ya mlango, naye akakunja kidole, la kumwambia ninalo.

Mkaza-mwana wako, kama ulivyokuwa unaniita ukinitania,
Linet